Shajara ya mradi: thaimasi ya mtoto mchanga na malaria, Mtwara

Novemba

Swali la Profesa ni moja. Malaria aliyoipata mama akiwa mjamzito, na homa za malaria zinazomjia mtoto katika mwaka wake wa kwanza, je, zinapunguza uzalishaji wa seli T (seli nyeupe za kinga) mpya ndani ya tezi ya thaimasi, au zinabadilisha tu hesabu tunayoisoma kwenye damu? Kwenye karatasi ya majibu mambo hayo mawili yanafanana. Karibu kila uamuzi ulioandikwa hapa chini umetokana na haja ya kuyatenganisha.

Kwa wanaojiunga sasa: thaimasi ni tezi yenye pande mbili, nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Wengi waliidhani haina kazi mpaka mwaka 1961, Jacques Miller alipoonyesha kwamba vichanga vya panya walioondolewa tezi hiyo hukua bila kinga ya kueleweka. Seli changa hutoka kwenye uboho na kuingia humo zikiwa hazina CD4 wala CD8, protini za juu ya seli zinazotambulisha seli T. Hupanga upya jeni ya mnyororo beta wa kipokezi chao, hugawanyika mara kadhaa, kisha huvaa CD4 na CD8 kwa pamoja na kupanga mnyororo alfa. Hapo ndipo mchujo unapoanza. Seli isiyoweza kabisa kuishika MHC (protini inayoonyesha vipande vya vimelea kwa seli T) ya mwili wake hufa kwa kukosa ishara, na inayoishika kwa nguvu kupita kiasi nayo hufa, au hugeuzwa kuwa seli T ya kutuliza. Zinazotoka zikiwa hai ni asilimia chache tu ya zilizoanza.

Seli zenye CD4 na CD8 zote mbili ndizo nyepesi kufa kotisoli (homoni ya msongo) inapopanda mwilini, kwa hiyo homa kali yoyote inaweza kuisinyaza thaimasi ndani ya siku chache. Kwa panya walioambukizwa Plasmodium berghei (kimelea cha malaria ya panya) jambo hilo limeonekana wazi. Kwa mtoto mwenye P. falciparum hakuna anayeweza kukata kipande cha thaimasi akitazame, hivyo kazi yote inafanyika kwa alama zilizobaki kwenye damu.

Mpangilio ni huu: damu ya kitovu siku ya kuzaliwa, kisha mtoto akipata malaria, damu ya siku ya homa kabla ya dozi ya kwanza ya dawa mseto, na tena siku ya 28. Mtoto wa umri uleule asiye na homa anachukuliwa wiki hiyohiyo. Siku ya homa peke yake haitoshi. Malaria ikiwa kali, seli T nyingi huondoka kwenye mzunguko wa damu zikajibanza kwenye tishu, limfosaiti (seli nyeupe, zikiwemo seli T) zikashuka, halafu zikapanda tena baada ya matibabu. Anayepima siku hiyo tu ataishtaki thaimasi kwa jambo lililotokea kwenye mishipa.

Kiasi cha damu: mtoto wa kilo 7 ana takribani mililita 560, ukihesabu 80 kwa kila kilo. Tunachukua mililita 2, yaani chini ya asilimia 1. Nusu mililita inaingia tyubu ya EDTA (ya kuzuia damu kuganda) kwa ajili ya DNA, na 1.5 inaingia ya heparini (nayo huzuia kuganda) kwa ajili ya seli. Tyubu zisibadilishane kazi, maana heparini huzuia PCR (kipimo cha kunakili DNA) na hakuna kusafisha kunakoitoa yote.

Kwenye kitovu, mkunga anasubiri kwanza dakika 1 hadi 3 kabla ya kubana, kama mwongozo wa WHO unavyotaka. Mradi hauharakishi hatua hiyo, hata kama damu itakayobaki ni kidogo. Baada ya kubana, futa kitovu kwa spiriti ya asilimia 70, ingiza sindano kwenye mshipa mkubwa, acha damu iingie yenyewe. Kukamua kitovu kunasukuma damu ya mama iingie. Geuza tyubu taratibu mara 8 hadi 10 papo hapo. Tyubu iliyolazwa mezani wakati nesi anamhudumia mama itakuwa na donge, na donge hubeba seli nyeupe nyingi kuliko linavyoonekana.

Kondo la nyuma, la kuangalia malaria ya mama: kipande cha sentimita 2 kwa 2, kina cha sentimita 1, upande wa mama, karibu na katikati, mbali na sehemu yenye kovu jeupe. Sehemu iliyobaki hurudishwa kwa familia inayotaka kwenda kuizika nyumbani, na jambo hilo lisemwe wazi wakati wa kuomba ridhaa. Kipande kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 iliyowekewa bafa (kemikali ya kuzuia asidi). Formalini isiyo na bafa huwa na asidi na hutengeneza punje za kahawia nyeusi ndani ya tishu. Chini ya darubini punje hizo ni rahisi kuzidhania rangi ya vimelea vya malaria, na mama asiye na malaria akaingizwa kundi lisilo lake.

Desemba

Mwezi wa joto. Damu ya seli inatakiwa ikae kati ya nyuzi 18 na 25, na chumba kisicho na kiyoyozi hapa Mtwara mjini kinapita 30 mchana. Sanduku lililofungwa nyuma ya bodaboda juani linapanda zaidi ya hapo. Barafu si dawa yake, kwa sababu baridi kali huamsha chembe sahani zikashikana na seli nyingine. Tunatumia sanduku la baridi lenye chupa za maji za nusu lita zilizolala usiku kucha kwenye chumba cha nyuzi 20. Ndani kuna kipima joto kinachorekodi kila dakika 5, na rekodi yake inaambatishwa kwenye fomu ya sampuli. Bila rekodi, sampuli inaingia kwenye DNA tu, haiingii kwenye seli.

Muda nao una dari. Ndani ya saa 8 ni vizuri. Saa 24 ndio mwisho. Damu ikichelewa, granulosaiti (aina nyingine ya seli nyeupe) huvimba na kuwa nyepesi, zikaelea pamoja na limfosaiti kwenye Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganisha seli) badala ya kuzama. Hazichafui hesabu tu, huzizuia seli T kufanya kazi, na jaribio la kuchokoza seli siku inayofuata litatoa majibu ya chini kwa watoto wa mbali peke yao. Sampuli za Tandahimba na Newala ndizo ziko hatarini zaidi kuliko za mjini, kwa hiyo kila mtoto wa kule anapaswa kuwa na mwenzake asiye na malaria wa kulekule, aliyesafirishiwa damu kwa njia ileile. Hakuna hesabu ya baadaye itakayorekebisha kosa la mpangilio huo.

Utenganishaji: changanya damu ya kitovu na PBS (maji ya chumvi yenye bafa) kwa kiasi sawa, ikiwa nzito sana ongeza PBS mara mbili. Mililita 15 za Ficoll ya uzito 1.077 chini ya tyubu ya 50, na juu yake hadi mililita 30 za mchanganyiko, taratibu, tyubu ikiwa imeinamishwa. Zungusha kwa 400 g (mara 400 ya nguvu ya uvutano) dakika 30, nyuzi 20, breki ikiwa imezimwa. Ficoll itoke kwenye friji mapema ifikie joto la chumba cha nyuzi 20. Ikiwa baridi, seli nyekundu zitabaki kwenye ukanda mweupe. Ikiwa ya moto inakuwa nyepesi, limfosaiti zitazama nayo na mavuno yatapungua. Desemba kosa la pili ndilo linalonyemelea, hasa sentrifuji isiyo na ubaridi inapozungushwa mara ya tatu mfululizo.

Tafadhali, andikeni g, msiandike mizunguko kwa dakika. Rota ya nusu kipenyo cha sentimita 17 inahitaji mizunguko 1,450 hivi kupata 400 g. Ya sentimita 10 inahitaji karibu 1,900. Ukipeleka 1,900 kwenye ile ya sentimita 17 utapata karibu 690 g. Fomula imebandikwa kwenye mashine: 1.118 × 10⁻⁵ × nusu kipenyo kwa sentimita × mizunguko kwa kipeo cha pili.

Chota ukanda mweupe, osha mara 2 kwa 300 g dakika 10. Damu ya kitovu ina seli nyekundu changa zenye kiini ambazo hazizami kama za mtu mzima. Ndiyo maana baada ya kuosha bado kuna wekundu. Ongeza mililita 2 za kloridi ya amonia kwa dakika 5, si zaidi, kisha jaza PBS. Mashine ya kuhesabu inayotazama viini itazihesabu seli hizo kama seli nyeupe, kwa hiyo kitovu kihesabiwe kwa jicho, kwa tripani bluu (rangi ya kubaini seli zilizokufa) na kioo cha kuhesabia.

Januari

Umeme. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri iwekewe kengele inayopiga simu, maana taa ya mlangoni haimwamshi mtu usiku. Ile mbinu ya kuweka sarafu juu ya kikombe cha barafu, ukiikuta imezama ujue umeme ulikatika, inafaa kwa friza ya chanjo. Hapa haifai. Maji hugeuka barafu kwenye sifuri, na seli zilizofikia karibu na sifuri zilishakufa kitambo.

Kugandisha: seli milioni 10 kwa mililita, seramu ya ndama asilimia 90 na DMSO (kinga ya seli dhidi ya barafu) asilimia 10, ndani ya kisanduku cha isopropanoli kinachoshusha joto nyuzi 1 kwa dakika. DMSO iliyochanganywa iwe ya baridi, na tangu inapogusa seli mpaka kisanduku kinaingia friza isipite dakika 10. Kesho yake, au siku 3 zikizidi sana, vichupa vihamie kwenye naitrojeni ya kimiminika. Isopropanoli ibadilishwe baada ya matumizi 5, kwa sababu inavuta maji hewani, na hewa ya pwani ina maji ya kutosha.

Februari

TREC. Hapa ndipo mradi ulipo.

Seli inapopanga upya jeni ya kipokezi, kipande cha DNA kinachokatwa hujifunga kuwa duara, ndilo TREC, na kubaki ndani ya seli. Duara hilo halinakiliwi. Seli ikigawanyika, binti mmoja analirithi na mwingine hana. Tangu mwaka 1998 watafiti wamelitumia kukadiria seli zilizotoka thaimasi karibuni, na tangu 2008, ilipoanza Wisconsin, watoto wachanga wamekuwa wakipimwa kwa njia hiyo kugundua upungufu mkali wa kinga wa kuzaliwa.

Tatizo ni kwamba namba ya TREC hushuka kwa sababu mbili tofauti. Thaimasi inaweza kuwa imepunguza kazi. Au thaimasi iko sawa, ila seli zilizoko kwenye damu zimegawanyika sana kupambana na vimelea. Ni kama chumvi kwenye mchuzi ulioongezwa maji: chumvi haikutolewa. Na mtoto mwenye malaria seli zake T hugawanyika kweli. Mtu akituletea namba ya TREC kwa milioni ya seli akasema "malaria imeua thaimasi", bado hajasema kitu.

Njia ya kutoka ni kupima aina mbili za duara. Zile za beta hutengenezwa mapema, kabla seli haijagawanyika mara kadhaa ndani ya thaimasi. Lile linaloitwa sj hutengenezwa baadaye, kipande cha delta (jeni ya mnyororo mwingine wa kipokezi) kinapoondolewa ili alfa ipangwe. Mgawanyiko ndani ya thaimasi, kati ya hatua hizo mbili, unapunguza za beta peke yake. Mgawanyiko wa baadaye kwenye damu unazipunguza zote kwa kiwango kimoja. Kwa hiyo uwiano wa sj kwa beta hauguswi na yanayotokea kwenye damu. Uwiano ukishuka, thaimasi ndiyo iliyopunguza kasi. Uwiano ukikaa palepale huku sj ikishuka, ni mgawanyiko wa nje.

Gharama yake ni DNA nyingi. Duara za beta ziko za namna kadhaa, kila moja adimu, na inabidi kufanya PCR ya hatua mbili. Doa la damu iliyokaushwa kwenye karatasi, la milimita 3.2, lina kama mikrolita 3 za damu. Linatosha sj, halitoshi beta. Kwa hiyo madoa ni ya kupima watoto wengi kwa sj tu, na uwiano unafanywa kwa wale wenye seli zilizogandishwa.

Vipimo vya kila sahani ya PCR: mstari wa plasmidi (duara la DNA la kulinganishia, lenye idadi ya nakala inayojulikana) kutoka nakala 10 hadi 1,000,000, kila kisima mara 3. Mteremko ukubalike kati ya −3.1 na −3.6; −3.32 ndiyo ufanisi wa asilimia 100. Kila sampuli ipimwe pia jeni ya kawaida kama albumini. Mikrogramu 1 ya DNA ni seli 150,000 hivi. Albumini ikichelewa kuliko kiasi cha DNA kinavyotabiri, kuna kizuizi ndani, mara nyingi hemoglobini: zimua mara 10 urudie. Usiripoti sifuri ya TREC kwa sampuli ambayo albumini yake haikupimika.

Plasmidi ifunguliwe chumba kingine, na mtu mwingine, mwisho wa siku. Kichupa kimoja kina nakala nyingi kuliko sampuli zote za mwaka, na tone lisiloonekana kwenye pipeti linampa kila mtoto thaimasi nzuri. Kisima cha maji kikitoa ishara, sahani yote inatupwa, hata kama majibu yanapendeza.

Mwisho, gawanya kwa seli T, usigawanye kwa seli zote. Siku ya homa monosaiti huongezeka na limfosaiti hupungua, sehemu ya CD3 (alama ya seli T) ikashuka, na TREC kwa milioni ya seli ikashuka nayo bila thaimasi kuhusika.

Machi

Profesa alituma swali ambalo halikuwa kwenye andiko la mradi: mtoto ana njaa au ana malaria?

Kwa hapa kusini ni swali la haki. Mvua ni msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba ikaenda mpaka Aprili. Fedha ya korosho inaingia mwisho wa mwaka, na kufikia Februari na Machi, kabla ya mavuno mapya ya chakula, ghala za wengi ni tupu. Mbu nao ndio wamezaana. Utapiamlo unaisinyaza thaimasi kwa nguvu kuliko maambukizi mengi, na utafiti wa Gambia umeonyesha thaimasi ndogo kwa watoto wa miezi ya njaa, pamoja na upungufu wa IL-7 (ishara inayozikuza seli T) kwenye maziwa ya mama. Ukilinganisha watoto wa Machi wenye malaria na watoto wa Agosti wasio nayo, umelinganisha misimu. Ndiyo maana mwenza anatafutwa wiki hiyohiyo na kijiji kilekile.

Vipimo vilivyoongezwa: uzito na urefu kwa wote, mzunguko wa mkono kwa waliofikisha miezi 6, chini ya milimita 125 aandikiwe kumbukumbu na kupelekwa kliniki ya lishe, chini ya 115 apelekwe siku hiyohiyo. Na kipimo cha ultrasaundi: mtoto amelala chali, ametulia au ananyonya, kichwa cha mashine cha mstari kinawekwa juu ya kidari. Upana mkubwa wa tezi, kwa sentimita, unazidishwa na eneo kubwa la upande wa kulia kwa mkato wa wima. Mtoto akilia, tezi inabanwa na mapafu na upana unabadilika, kwa hiyo tunasubiri. Pima mara 3, chukua wastani. Ukubwa si uzalishaji, lakini ukubwa na uwiano wa sj kwa beta vikikubaliana tunaamini zaidi.

CMV (virusi vya saitomegalo) pia. Watoto wengi Afrika huambukizwa kabla ya kutimiza mwaka, na virusi hivyo huzidisha seli za CD8 zilizokomaa mpaka sura yote ya damu inabadilika. Pamba ya mate inatosha PCR, ichukuliwe angalau saa 1 baada ya kunyonya, kwa kuwa maziwa ya mama yanaweza kuwa na virusi vyake.

Aprili

Saitomita (mashine ya kutambua seli kwa leza na rangi) tuliyonayo ina leza 2, bluu na nyekundu, na rangi 6 za kuonyesha alama za seli zinatutosha: CD45RA kwenye FITC, Vδ2 kwenye PE, CD3 kwenye PerCP, CD4 kwenye PE-Cy7, CD31 kwenye APC, na rangi ya seli zilizokufa kwenye mwisho wa nyekundu. Seli T mpya za CD4 ni zenye CD45RA na CD31 kwa pamoja. Vδ2 (kundi dogo la seli T) zipo kwa sababu huitikia fosfati za vimelea vya malaria, na utafiti wa Uganda uliochapishwa 2014 umeonyesha hupungua kwa watoto wanaoumwa malaria mara kwa mara.

Mpangilio huo una sababu. PE-Cy7 ni rangi mbili zilizounganishwa, na joto au mwanga huvunja kiungo. Kilichobaki huwaka kama PE. CD31 ingekuwa kwenye PE, kingamwili iliyoharibika njiani kutoka Dar es Salaam ingeongeza seli T mpya za uongo na hakuna ambaye angeshtuka. Sasa ikivunjika, seli za CD4 zinaonekana kana kwamba zina Vδ2, kundi ambalo kwa kawaida ni dogo mno. Likitokea, chupa hiyo haitumiki tena. Kingamwili hazigandishwi, na zinafunikwa karatasi ya alumini hata ndani ya friji.

CD31 haijitoshelezi: seli zinazogawanyika taratibu kwa IL-7 hubaki nayo. Kwenye damu ya kitovu CD45RA itumike pia kama mlinzi. Seli za CD4 zikionekana nyingi zimepoteza CD45RA, shuku damu ya mama kwanza kabla ya kushuku maambukizi tumboni.

Mvua imeongeza kazi ya madoa. Karatasi ya damu ilale mlalo angalau saa 4, bila kugusana na nyingine, mbali na feni inayopeperusha vumbi. Ifungwe na silika na kadi ya unyevu; kadi ikigeuka waridi, silika ibadilishwe siku hiyo. Unyevu haupunguzi albumini na TREC kwa kasi moja kila mara, hivyo kugawanya moja kwa nyingine hakuokoi karatasi iliyolowa.

Mei

Kuhesabu vimelea: desturi ni kuhesabu mpaka seli nyeupe 200, kisha kuzidisha kwa 40, kwa kudhani mtu ana seli nyeupe 8,000 kwa mikrolita. Mtoto mchanga ana nyingi zaidi, kwa hiyo fomula hiyo inampunguzia vimelea. Tumia hesabu halisi ya siku hiyo. Siku ya 28 isiamuliwe kwa MRDT (kipimo cha haraka cha malaria), maana protini ya vimelea ya HRP2, inayosomwa na kipimo hicho, hubaki wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Slaidi ya Giemsa (damu iliyotiwa rangi na kusomwa kwa darubini) ndiyo inayoamua, na isiyo wazi irudiwe na msomaji wa pili asiyejua jibu la kwanza.

Sahani za beta zinaanza na jozi ambazo zimekamilika: mtoto mgonjwa na mwenzake kwenye sahani moja, siku ya homa na siku ya 28 pamoja, namba zikiwa zimefichwa. Jozi isiyo na rekodi ya joto ya pande zote mbili inasubiri. Naitrojeni iagizwe kabla kijiti cha kupimia hakijaonyesha sentimita 15, kwa sababu lori la kutoka Dar es Salaam halina siku maalumu na barabara ya kusini mwezi huu haitabiriki.